Nzagamba wa Bibi Shamba

Mtu akikokota baiskeli yenye kutu kupita katikati ya Bariadi, haulizwi anakwenda wapi. Anaulizwa kilo bei gani. Klementina aliulizwa hivyo mara tatu asubuhi ile kabla hajafika kwa Yakobo fundi, na mara zote tatu alijibu kwa upole kwamba chuma hiki hakipimwi kwenye mizani. Upole ulikuwa wa mdomoni tu. Moyoni alikuwa na hasira za mtu aliyeulizwa bei ya mzazi wake.

Alikuwa na miaka sitini na mmoja, mstaafu wa idara ya kilimo, mjane, mwenye binti mmoja na wajukuu wawili walioko Mwanza. Maisha yake yote ya kazi aliitwa bibi shamba, kwa kuwa kazi yake ilikuwa kuwafuata wakulima mashambani na kuwaonyesha nafasi ya kupandia pamba, wakati wa kupulizia dawa, na kwa nini mabua ya mwaka jana yang'olewe na kuchomwa moto. Wakulima walimsikiliza, wakamshukuru, wakamkirimu karanga na matobolwa, vile viazi vitamu vya kuchemshwa na kukaushwa, kisha wakapanda kama walivyopanda babu zao. Hilo halikumsumbua sana. Alichokipenda yeye ilikuwa njia, na njia aliipita juu ya baiskeli hii.

Haikuwa ile baiskeli ndefu nyeusi ya kubebea magunia ambayo kila nyumba ya Simiyu inaifahamu. Fremu yake ilipinda kama mgongo wa mtu aliyeinama kuokota kitu, tairi zake zilikuwa nene, na usukani ulitanuka kulia na kushoto kisha ukarudi nyuma kumfuata mpandaji. Breki yake haikushikwa kwa mkono. Ulikanyaga pedeli kinyumenyume, nayo ikasimama. Aliileta mzungu mmoja wa mradi wa pamba, mtu mrefu aliyependa kuzunguka porini jioni kwa starehe zake tu. Wakulima hawakumwelewa kabisa: mtu ana gari, anachofuata kwenye baiskeli ni nini? Mradi ulipokwisha akaiacha, na ofisini hakuna aliyeitaka kwa sababu tairi zake hazikupatikana dukani. Akapewa Klementina, mdogo wa wote, binti mgeni kutoka Kalemela ya ziwani. Vijijini wakaiona ile pembe ya usukani, wakaiita Nzagamba, yaani fahali, na jina likashika.

"Mwangaluka, mayu," Yakobo alimwamkia mama huyo kwa Kisukuma, akiinuka kwenye kigoda chake alipoiona baiskeli. "Hii umeifukua kaburi gani?"

"Mwangaluka, baba. Nataka itembee."

"Itembee hadi wapi? Kanisani?"

"Porini. Njia za ng'ombe. Na mchanga wa mtoni."

"Nani ataipanda?"

"Unamwona nani mwingine hapa?"

Yakobo alicheka, akaizunguka mara mbili, akaigonga ringi kwa spana kama daktari anayegonga kifua. Siku hizi alikuwa anatengeneza pikipiki zaidi kuliko baiskeli, na alilalamika kwamba pikipiki hazina shukrani. Akatoa ushauri wake: pembe hizi zikatwe, uwekwe usukani wa kawaida, ringi hizi zitupwe, ziwekwe za ishirini na nane, "kama baiskeli za Wakristo wengine."

"Yakobo, ukigusa pembe tutagombana hadi kwa mwenyekiti wa mtaa," Klementina alisema. "Ringi zibaki. Tairi nitazitafuta mwenyewe. Wewe nipe gia ya meno makubwa huku nyuma, maana miguu hii si ile, na uyatoe madigadi yote mawili. Tope la mbuga likiingia humo, gurudumu halizunguki tena."

Fundi alimtazama upya. Huyu mama alikuwa anajua anachosema.

"Na unakwenda kwa nani huko porini, mayu?"

"Kwa mkulima wangu wa zamani."

Alisema kweli, ila aliisema kidogo. Mkulima mwenyewe aliitwa Josia Maduhu, wa kijiji cha Mwasilima, na Klementina hakuwa amemwona kwa miaka thelathini na miwili. Agosti iliyopita, kwenye maonyesho ya Nane Nane pale Nyakabindi, alikuwa ananunua choroko kwa mama mmoja, akamuuliza ametoka kijiji gani. Mama akasema Mwasilima. Klementina akasikia mdomo wake mwenyewe ukiuliza kama Josia Maduhu bado yupo. "Yupo," mama yule alisema, "ila amekonda. Sasa ni babu wa watu." Klementina akalipa, akasahau choroko zake pale pale mezani.

Hapa ni lazima ielezwe adabu moja, maana bila hiyo yote haya yataonekana upuuzi wa kizee. Kule Mwasilima mgeni haondoki peke yake. Akiaga, mwenyeji anaushika mzigo wake, na kama ana baiskeli, mwenyeji ndiye anayeikokota. Mgeni anatembea mikono mitupu. Mwenyeji hasemi kamwe "mimi naishia hapa", kwani akisema hivyo amemfukuza mtu. Ni mgeni anayenyoosha mkono na kusema lete, rudi, nashukuru. Kwa hiyo umbali wa kusindikizana ni shauri la watu wawili, na kijiji kizima kinaupima kwa macho.

Mara ya kwanza Josia alimkokotea Nzagamba hadi kwenye ua wa minyaa tu. Mara ya pili hadi mwisho wa shamba. Kisha hadi kisimani, kisha kupita kisima, na kufikia mwaka wa pili alikuwa anamfikisha ukingoni mwa mto, mwendo wa saa nzima, na Klementina hakunyoosha mkono. Walizungumza juu ya funza wa pamba, juu ya fahali wa baba yake Josia aliyekuwa mkaidi, juu ya Kalemela ambako mvua unaiona inatembea juu ya ziwa kabla haijakufikia. Hawakuwahi kushikana hata vidole. Mikono ya Josia ilikuwa kwenye zile pembe, na Klementina aliionea wivu baiskeli yake mwenyewe.

Siku moja, kiangazi kikielekea mwisho, Josia alisema bila kumtazama, "Safari ijayo nitakuvusha. Nina neno, na neno lenyewe ni la ng'ambo."

Kwa wiki tatu Klementina hakula vizuri. Neno la ng'ambo! Alilipindua kila upande na kila upande lilikuwa tamu. Ng'ambo ya mto ilikuwa ardhi ya kijiji kingine, mahali ambapo Josia naye angekuwa mgeni, nao wangekuwa wawili tu wasio na mwenyeji.

Siku ilipofika walitembea kimya hadi ukingoni, na pale Klementina akainua macho akaona mbingu upande wa juu ya mto imekuwa nyeusi. Mto ule ni mchanga mtupu karibu mwaka mzima, lakini mvua ikinyesha mbali, maji huja ghafla na kubeba hata ng'ombe. Klementina alikuwa mtoto wa ziwani. Kwao walishazika watu ambao miili yao haikuonekana. Akamwona akilini Josia anavuka, anasema neno lake, anarudi, na maji yanamkuta katikati. Akanyoosha mkono, akashika usukani.

"Lete, Josia. Rudi. Nashukuru."

Josia alimtazama kidogo. Akauachia usukani, akageuka, akaenda. Mvua yenyewe haikunyesha.

Watoto tunawaimbia kwamba haraka haraka haina baraka, kisha tukiwa wakubwa tunaharakisha kwenye jambo moja tu, lile lisilotaka haraka. Klementina hakuwa amefika nusu ya njia alipotambua alichokifanya. Alirudi Mwasilima mara tatu, na mara zote aliambiwa Josia yuko kijiji cha Kimali. Mara ya nne aliambiwa ameoa huko Kimali. Baadaye akahamishiwa Maswa, akaolewa na Deogratias, fundi wa mashine kwenye kinu cha kuchambua pamba, mtu mcheshi na mwaminifu. Alimpenda Deogratias, hilo lisitiliwe shaka. Walijenga Bariadi, wakamlea Gloria, na Nzagamba akatundikwa stoo. Kila mwaka Deogratias alimpaka grisi bila kuuliza chochote. Ni miaka minane sasa tangu azikwe.

Lakini mapenzi ya ndoa yana chumba chake na lile lisilosemwa lina chumba chake. Klementina hakumtaka mume wa mtu, wala hakuota kwamba ujana utarudi. Alitaka Josia ajue jambo moja tu: kwamba siku ile hakumkataa, aliogopa maji. Kuna asubuhi aliamka na aibu mbichi kana kwamba ni jana. Mtu mwema alikuwa amekuja na neno lake, akanyang'anywa usukani kabla hajafungua kinywa, akaenda kuoa kwa uchungu. Na wote wawili sasa walikuwa wazee. Asiposema mwaka huu, atasema lini?

Kazi ilichukua wiki saba. Kutu aliitoa mwenyewe uani, kwa dizeli, brashi ya waya na msasa, akiwa amejifunga khanga kuukuu kiunoni. Chini ya kutu ikatokea rangi ya kijani cha pamba changa. Akaichanganya rangi kama ile na kuipaka mara tatu. Tairi zilitoka Mwanza, za mtumba, pana na zenye meno. Gloria ndiye aliyezituma kwa basi, pamoja na malalamiko yake.

"Mama, kwani boda zimekwisha Bariadi?" alisema kwenye simu.

"Zipo."

"Sasa?"

"Boda inakufikisha, mwanangu. Haikupeleki."

"Mama, hayo ni maneno gani? Ukivunjika kiuno nani atakuuguza?"

"Wewe. Ndiyo maana nilikuzaa."

Kazi ngumu ilikuwa kitovu cha gurudumu la nyuma, ambamo breki imejificha. Yakobo alikuwa hajawahi kuifungua ya namna ile, na kwa heshima yake alikiri. Wakatandika kitambaa cheupe, wakatoa kipande kimoja kimoja, Klementina akichora kila kimoja kwenye karatasi kwa mpangilio wake. Gololi zilikuwa zimelika, hizo zilipatikana. Kipande kimoja cha breki kilikuwa kimekwisha kabisa, na hicho hakikuwepo Bariadi wala Mwanza. Akakipeleka Maswa kwa Sylvester, mchonga vyuma, aliyefanya kazi na Deogratias miaka ishirini. Sylvester alikipima, akakichonga kipya kwa chuma cha mashine ya pamba, akakataa malipo. "Deogratias alikuwa ndugu yangu," alisema. Klementina alirudi na kipande kile mkobani na moyo mzito, kwa kuwa aliona wazi kwamba marehemu mumewe ndiye anayemtengenezea njia ya kwenda kwa Josia. Alimwombea usiku huo, na akaomba pia msamaha.

Mwisho Yakobo alishona kiti upya kwa ngozi ya ng'ombe, akachomelea kishikio cha chupa ya maji chini ya usukani, akarudi nyuma hatua tatu kutazama. "Mayu," alisema, "mtu akikuuliza nani katengeneza, mwambie. Akikuuliza kwa nini, mimi sijui."

Aliondoka Jumamosi asubuhi na mapema, kabla majirani hawajaanza ushauri. Kilomita mbili za lami, kisha akakata kushoto, akaingia njia ya ng'ombe. Pamba ilikuwa imeshavunwa, mabua yamesimama makavu, ardhi nyeusi imepasuka nyufa za kuingia mguu. Baiskeli ya kawaida ingemtupa. Nzagamba alizipita zile nyufa akitikisika kidogo tu, na yale meno makubwa ya nyuma yakampandisha vilima polepole, mwendo wa mtu asiyefukuzwa. Wachungaji walisimama kumtazama. Mmoja akampigia mluzi wa kuita fahali, na Klementina akacheka peke yake kwa sauti. Alikuwa ameukosa mwendo huu kuliko alivyojua.

Mtoni alishuka, akapunguza upepo kwenye tairi zote mbili mpaka zikalala, kama yule mzungu alivyomfundisha, kisha akaingia mchangani. Usukani ukayumba. Akaukaza, akakanyaga, hakutazama chini, akatokea upande wa pili bila kugusa mguu ardhini. Akapampu tena kwa pampu ndogo aliyoibeba.

Nyumbani kwa Josia alipokewa na mwanamke mnene mwenye macho ya kucheka. Kabla hajajitambulisha, mwanamke yule alipiga makofi.

"Nzagamba! Basi wewe ndiye bibi shamba. Mimi Jenipha, mke wa mzee. Nimesimuliwa habari zako tangu niko bibi harusi."

Josia alitoka zizini akijipangusa mikono. Kweli alikuwa amekonda, na mguu mmoja ulikuwa mzito, lakini kicheko kilikuwa kile kile. Hakumsalimia Klementina kwanza. Aliishika pembe moja ya usukani. "Huyu naye hafi," alisema. Kisha ndipo zikafuata salamu, ndefu kama inavyotakiwa, za nyumba, za watoto, za mifugo, za marehemu. Jenipha akaleta vigoda na maziwa ya mgando, akaenda jikoni kusonga ugali.

Wakabaki wawili. Klementina alikuwa ameipanga hotuba yake wiki saba. Yote ikapotea.

"Josia, siku ile mtoni," alisema. "Nilipochukua usukani. Nimekuja kwa ajili hiyo. Sikukukataa. Niliona wingu, nikaogopa maji yatakubeba. Nimeishi na jambo hili miaka yote."

Josia aliiweka kata ya maziwa chini, polepole, na Klementina aliona uso wake haukufunguka kama alivyotarajia. Ulijaa haya.

"Hukujua?" aliuliza.

"Sikujua nini?"

"Mimi nilifikiri umeshasikia. Watu walikuwa wanasema kisimani." Akautazama mlango wa jikoni, si kwa kuogopa, bali kama mtu anayetafuta maneno. "Klementina, ng'ombe wa baba walikuwa wameshakwenda Kimali. Kumi na wawili, wa mahari. Neno lenyewe lilikuwa hilo. Nilitaka nikuambie ng'ambo, nje ya ardhi yetu, ili ukilia usilie mbele ya watu wa kwetu."

Klementina aliigeukia baiskeli yake.

"Njia nzima siku ile nilikuwa naogopa," Josia aliendelea. "Nikasema nitaanzaje? Tukafika ukingoni, ukanyoosha mkono, ukasema rudi, nashukuru. Nikasema, huyu mama ana utu wa ajabu. Amejua, na ameniondolea mzigo bila kunidhalilisha. Nilimshukuru Mungu njia yote ya kurudi. Nimewasimulia hata wanangu, kwamba mtu muungwana huaga namna ile."

"Aa," Klementina alisema. "Basi vizuri."

"Usiwe na moyo mzito tena. Hukunikosea hata kidogo."

"Wabeja, Josia," Klementina alimshukuru kwa Kisukuma.

Chakula kikaja. Alikula, akasifu mlenda, akamweleza Jenipha juu ya wajukuu, akacheka panapochekwa. Alipoaga, Josia alimsindikiza hadi kwenye minyaa tu kwa sababu ya mguu wake, na Jenipha ndiye aliyekokota baiskeli mbele kidogo, akimwomba arudi msimu wa karanga. Klementina aliahidi. Akanyoosha mkono, akashukuru, akapanda.

Alijikaza hadi mtoni. Pale akailaza baiskeli kwenye mchanga, akaketi kando yake, akalia kama mtu aliyepata msiba, na kwa muda hakujua amefiwa na nini, kwa kuwa kila mtu alikuwa mzima na alikuwa amesamehewa kosa ambalo hakulifanya. Kisha akajua. Miaka thelathini na miwili alikuwa na kosa lake, na ndani ya kosa lile mlikuwa na mwanamume aliyempenda, na neno tamu lililosubiri ng'ambo, na nyumba ambayo ilikosa kujengwa kwa sababu ya mkono wake tu. Alilichukia, akalala nalo, akalitunza. Leo ameambiwa kwa wema kabisa kwamba halikuwepo, wala neno tamu halikuwepo, wala ile nyumba.

"Bora ningekuwa nimekosea," alisema kwa sauti.

Ng'ombe wa watu walikuwa wanashuka upande wa pili kunywa maji kwenye mashimo ya mchangani. Alisubiri wapite, akajifuta uso kwa ncha ya khanga, akapunguza upepo kwenye tairi.